Kompyuta Tuliyoiunda kwa Miezi Kumi

Mwenyeji wa Tabora hahitaji kusimuliwa habari za radi. Mvua zetu zikija, huja na ngurumo zinazotikisa mabati, na mtu mwenye busara huchomoa waya zote ukutani kabla ya tone la kwanza kuanguka. Alasiri moja katika kumi la mwisho la Ramadhani mimi sikuwa na busara hiyo. Nilifunga duka langu la steshenari hapa Gongoni kwa haraka, nikawahi jamaa msikitini, nikaacha kompyuta imechomekwa. Niliporudi nilipokewa na harufu ya kuungua. Kompyuta iliyoilisha familia yangu kwa miaka tisa ilikuwa imenyamaza, na fundi aliyeifungua kesho yake alitikisa kichwa tu.

Kwa kompyuta ile nilichapa mitihani ya madrasa, kadi za harusi, barua za kuomba kazi na orodha za wakulima wa tumbaku. Kila mwaka, Shaabani inapoingia, nilichapa pia ratiba za kufuturu ambazo misikiti kadhaa ya mjini huzibandika milangoni. Bila kompyuta, duka langu lilibaki la kuuza kalamu na madaftari, na faida ya kalamu, msomaji wangu, haitoshi hata mboga.

Siku ya tatu ya Idi alinijia kijana mmoja nadhifu mwenye begi la ngozi. Alikwisha kusikia msiba wangu. Aliniambia kwamba shilingi milioni moja ningeipata jioni ile ile, nami nirejeshe kidogo kidogo kila siku pamoja na nyongeza. Ni ile mikopo ambayo watu wa mitaani, kwa machungu yao, wameiita kausha damu. Sitamsema vibaya kijana yule; alikuwa kazini. Najisema mimi. Najua hukumu ya riba tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni, na nimeisikia ikisomwa mara zisizohesabika, lakini usiku ule nililala nikipiga hesabu ya marejesho. Mtu anaweza kuijua haramu kwa ulimi, kisha siku ya dhiki akaanza kuitafutia mlango wa uani.

Aliyeufunga mlango huo ni binti yangu, aliyekuwa kidato cha nne. Alinikuta na kikokotoo mkononi, akauliza swali dogo: “Kwani, Baba, ni lazima tuinunue yote siku moja?”

Akanieleza kwamba kompyuta ya mezani si kitu kimoja bali ni vitu saba au vinane vilivyofungwa katika kasha. Mtu anaweza kununua kila kimoja kwa wakati wake, akavikusanya, kisha akaviunganisha mwenyewe kwa bisibisi moja. Alijifunza hayo kwa mwalimu wake wa kompyuta, ambaye alikuwa akizifungua mbovu za shule na kuzifanya nzima. Nilimtazama kama anayeniambia tujenge gari uani. Hata hivyo neno lake lilikuwa na jambo ambalo mkopo haukuwa nalo: halikunidai kitu.

Mke wangu alipitisha azimio. Tungeweka akiba kila mwezi kutoka dukani na kutoka kwenye maandazi yake, tungenunua kwa fedha taslimu, na kompyuta iwe tayari kabla ya Shaabani ili tuwahi ratiba za kufuturu. Tulianza Mfunguo Mosi. Kazi za kuchapa nikawa nazipeleka kwa jirani mwenye mashine, naye akinikatia fungu dogo.

Kabla ya kununua hata msumari, tulikaa wiki tatu tukichagua. Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu babu.

Babu alikuwa mtu wa masimulizi. Mji wetu huu, ambao wageni wa karne ya 19 waliuandika kwa jina la Kazeh, ulikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia hapa Novemba. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha pia wanadamu waliofungwa minyororo. Hilo halifai kufunikwa. Walikuwapo vilevile wapagazi huru, Wanyamwezi wengi, waliopatana ujira na kutwaa begani mzigo uliokaribia frasila mbili, takribani kilo 30, wakatembea nao kwa miezi.

Lakini jambo alilolipenda zaidi babu lilikuwa la kabla ya safari. Nguo, ushanga na waya za shaba ndizo zilizokuwa fedha ya njiani, na kila nchi ilikuwa na chaguo lake. Ushanga uliogombewa huku ulikataliwa kule. Aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mawe, na hakuna duka porini la kwenda kubadilisha. Henry Stanley, ambaye mwaka 1872 alikaa na Livingstone Kwihara, mahali ambapo leo pana makumbusho, alipojiandaa Unguja mwaka uliotangulia ilimbidi kwanza awaulize wafanyabiashara wazoefu: nguo gani, ushanga gani, waya gani, na kwa kiasi gani? Ubora wa kitu peke yake haukutosha. Ilibidi kikubalike kule kinakokwenda.

Binti yangu aliponieleza vifaa vya kompyuta, nilimwelewa kwa mfano huo wa ushanga.

Tulianza na prosesa, ambayo ndiyo hufanya hesabu zote. Tulichagua Core i3-12100 ya Intel, iliyotoka mwanzoni mwa 2022. Ina viini vinne, haili umeme mwingi, na inatosha kabisa kwa kuchapa, kusanifu kadi na kuandaa vitabu vya madrasa. Zaidi ya hayo, ina sehemu ya kutoa picha ndani yake. Nilipoona ipo nyingine ya jina lile lile yenye herufi F mwishoni, na bei yake ni pungufu, nilitaka tuichukue hiyo. Binti akanizuia. Herufi ile maana yake ni kwamba sehemu ya picha haipo. Anayeinunua hana budi kununua na kadi ya picha, la sivyo kioo kitabaki cheusi. Herufi moja tu, na mtu amebeba ushanga usiopokelewa.

Baada ya prosesa ikaja bodi mama, ule ubao mpana ambao vifaa vyote hupandikizwa juu yake. Prosesa ile hukaa katika tundu liitwalo LGA1700, nalo lina vijipini 1,700 vyembamba kama nywele, vilivyosimama kwenye bodi yenyewe. Hivyo bodi ilibidi iwe ya tundu hilo na si jingine. Tulichagua ya daraja la H610, ambayo ni ya chini na ya bei nafuu. Hapo napo palikuwa na mtego: bodi za H610 zipo za RAM ya aina ya DDR4 na zipo za DDR5. Vipande hivyo viwili vinafanana kwa urefu, lakini pengo lao halilingani, na hakiingii kimoja mahali pa mwenzake. Tulichukua bodi ya DDR4 na vipande viwili vya RAM, kila kimoja gigabaiti 8. Kwa kuhifadhia kazi tukachagua diski ya SSD ya gigabaiti 500, kwa sababu haina sahani inayozunguka, nayo ni nyepesi sana kufungua mafaili kuliko diski za zamani.

Tuligombana mahali pamoja tu. Mimi nilitaka kasha zuri lenye kioo ubavuni na taa za rangi, ili mteja akiingia aone duka limeendelea. Ili kulifidia, nikapendekeza tununue pawa saplai ya bei ya chini kabisa, kwani nani huiona? Binti, kwa adabu lakini bila kuyumba, alisema kinyume chake: kasha liwe la kawaida, lenye wavu wa kuzuia vumbi letu la kiangazi na nafasi ya feni mbili, na fedha iliyobaki iende kwenye pawa saplai.

“Baba,” alisema, “umeme wote unaoingia hupita hapo kwanza. Ikiwa mbovu, itaua vingine vyote.”

Kompyuta yetu isingetumia hata wati 200, kwa hiyo wati 450 zilitosha na kubaki, mradi ziwe wati za kweli. Zipo zinazoandikwa namba kubwa ubavuni na ndani hamna kitu. Ukizinyanyua ni nyepesi kama kopo tupu. Tulitafuta yenye nembo ya 80 Plus kutoka kwa muuzaji anayetoa dhamana. Nyingine za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Umeme wetu ni 230, na ile iliyosahauliwa kwenye 115 huungua mara tu inapochomekwa. Nilikubali. Aliyeunguliwa na kompyuta kwa waya mmoja hana hoja ya kubishana habari za umeme.

Tulipokwisha kuchagua, tulipanga utaratibu wa kununua, na hili naomba wazazi wenzangu walizingatie. Dhamana ya muuzaji huanza siku unayonunua, si siku unayowasha. Ukinunua bodi mwezi wa kwanza na prosesa mwezi wa tisa, utagundua ubovu wa bodi wakati dhamana imekwisha. Kwa hiyo tulitanguliza vile visivyo na wasiwasi mkubwa: kasha kwa shilingi 85,000, kioo kilichotumika kwa 120,000, kisha pawa saplai kwa 130,000 na diski kwa 110,000. Prosesa, bodi na RAM tuliviacha hadi mwisho, tukavinunua siku moja: 300,000, 220,000 na 110,000. Jumla ilikuwa 1,075,000. Kibodi na kipanya vilikuwapo vya zamani.

Mnunuzi wetu alikuwa mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam. Alitembea Kariakoo na orodha ya binti yangu mkononi, na kila kifurushi alikipakia kwenye basi. Mizigo ile ilipita Morogoro na Dodoma, karibu na nyayo za wapagazi wa zamani, ikafika Tabora kabla jua halijachwa mara mbili.

Sehemu ya mwisho ilifika katikati ya Rajabu. Binti yangu alikuwa amekwisha kumaliza mitihani, na siku ile alikuwa kwa shangazi yake Urambo, arudi baada ya siku mbili. Tulikuwa tumekubaliana kwamba tungeunganisha pamoja.

Sasa nieleze jambo ambalo nimelikawiza. Usiku ule, baada ya Isha, nilikaa peke yangu mezani. Nilikuwa nimekwenda miezi kumi nyuma ya mtoto wangu mwenyewe, akiniongoza kama kirangozi anavyoongoza msafara, na moyo wangu ukataka kumwonesha kwamba na mimi ninaweza. Nilifungua boksi la bodi, nikainua kifuniko cha tundu, nikaishika prosesa kwa vidole viwili. Ikaniponyoka. Iliangukia kona moja juu ya vijipini vile, nami badala ya kuiinua taratibu niliisukuma kuisawazisha. Nilipoitoa, nikaona chini ya taa mstari uliokuwa umenyooka sasa umepinda, kama majani yaliyolaliwa na mbuzi.

Nilirudisha kila kitu katika boksi. Asubuhi nikampigia mpwa wangu, nikamwambia bodi imekuja na pini zimepinda. Naye kwa kunionea huruma alisema, “Usijali, Mjomba. Irudishe upesi, nitawaambia wameuza kitu kibovu.” Sikumsahihisha. Binti yangu aliporudi, nikamwambia hivyo hivyo.

Hakujibu. Aliitazama bodi kwa muda mrefu kwa tochi ya simu. Kisha aliifungua picha moja katika simu yake, akaiweka mezani mbele yangu, akaenda jikoni kumsaidia mama yake. Ilikuwa picha ya tundu lile lile, ambayo alikuwa amemwomba binamu yake aipige dukani kabla ya kulipa. Namba ya bodi ilisomeka, na vijipini vyote vilikuwa vimesimama sawasawa.

Nimeishi miaka hamsini na minne, na sikumbuki kuaibika kama nilivyoaibika mbele ya kiti kitupu. Hakunigombeza, angenigombeza ningepata pa kujitetea. Nikamkumbuka yule muuzaji wa nafaka ambaye Mtume wetu (s.a.w.) alitia mkono katika rundo lake akakuta unyevu chini, akamkemea kwa kuificha kasoro. Siku zote nilipoisikia habari hiyo niliwafikiria wauza duka. Sikufikiri kwamba mnunuzi naye anaweza kuwa na rundo lake lenye unyevu chini. Tena nilikuwa nimejizuia na riba miezi kumi kwa ajili ya kompyuta hii, halafu nikataka kuikamilisha kwa mali ya mtu mwingine, kwa uongo.

Nilikwenda jikoni nikasema mbele ya mke wangu na mwanangu kwamba ni mimi. Kisha nikampigia mpwa wangu nikamwambia asiende popote, na nikaomba namba ya muuzaji. Yule bwana alinisikiliza hadi mwisho, akasema nimefanya vizuri kusema kweli, lakini dhamana haihusu kitu kilichovunjwa na mnunuzi. Sikutarajia vingine. Alichoniongezea bure ni ushauri: nisiguse kwa mkono, nitafute fundi wa simu mwenye hadubini.

Karibu na stendi ya mabasi yupo kijana anayetengeneza simu, hadubini yake ameifunika kwa kitambaa kama mswala. Aliangalia, akahesabu pini kumi na moja. Alisema atajaribu kwa shilingi 20,000, wala haahidi kitu. Tangu Alasiri hadi karibu na Magharibi alikuwa ameinama, akiziinua moja moja kwa sindano, na mimi na binti yangu tumekaa kwenye benchi hatusemezani sana. Alipomaliza alisema mbili haziaminiki.

Usiku ule tuliunganisha pamoja, na safari hii mimi nilishika tochi. Binti aliiweka prosesa kwa kuilaza tu, bila kuisukuma, akafunga feni yake. Akapachika RAM na diski, tukaikaza diski kwa skrubu ndogo ambayo ilitupotea mara mbili chini ya mkeka. Aliniambia kwamba wengi husahau waya wa umeme wa prosesa ulio kwenye kona ya juu ya bodi, wakadhani kompyuta ni mbovu. Nikauchomeka mimi mwenyewe. Tukasoma Bismillahi, tukabonyeza. Feni zikazunguka na kioo kikabaki cheusi. Alitoa kipande kimoja cha RAM, tukawasha tena. Kioo kikaandika.

Ndivyo ilivyo hadi leo. Nafasi moja ya RAM imekufa pamoja na pini zile mbili, na kompyuta inakwenda kwa gigabaiti 8 badala ya 16. Kwa kuchapa zinatosha, ila nikifungua kazi kubwa ya picha, inapumua kwa shida, nami hujua sababu. Tumeiwekea mfumo wa Linux na LibreOffice, ambavyo hutolewa bure na wenyewe kwa ridhaa yao, kwa kuwa binti alisema haifai kuiacha riba mlangoni kisha tukaingiza programu za wizi dirishani. Ilinichukua majuma mawili kuzoea. Mvua ikinguruma, nachomoa waya kwanza, kisha ndiyo naenda kuswali.

Ratiba za kufuturu zilitoka wiki ya pili ya Shaabani. Kijana wa begi la ngozi alipita tena dukani, akaitazama mashine, akauliza niliikopa wapi. Nikamwambia sikukopa. Akacheka, akanunua kalamu mbili.

Wapo walionishauri nikiuze kile kipande cha RAM kilichobaki, kwa kuwa ni kizima. Huenda nikafanya hivyo. Kwa sasa kipo katika droo ya meza, ndani ya bahasha, na binti yangu, ambaye anasubiri matokeo yake na anasema anataka kusomea uhandisi, amekwisha kuniomba nimwekee. Anasema ataanza kuunda ya kwake nacho, mwezi kwa mwezi, na kwamba safari hiyo mimi nitapewa bisibisi akiwa amekaa karibu.

Wabillahi tawfiq.